Kibwebwe cha Ndani

Bibi yangu mzaa mama hakugusa kazi kabla ya kufunga kibwebwe. Siku hizi mtu akisema amefunga kibwebwe, ana maana amejitolea kwa jambo. Kwa bibi kilikuwa kanga hasa, iliyokunjwa na kukazwa kiunoni mpaka pumzi yenyewe ipite kwa adabu. Ndipo akashuka pwani ya Makunduchi, Unguja, kwenye shimo lake la makumbi.

Shimo lile alilijua kama mlango wa nyumba yake. Maji yakitoka hulichimba, akatia makumbi ya nazi, akayafunika kwa mchanga na mawe, akaiachia bahari kazi kwa miezi kadhaa. Yakishaoza huyafukua, akakaa chini miguu imenyooka na kuyatwanga kwa gongo juu ya jiwe, mpaka nyama yote itoke zibaki nyuzi: usumba. Mimi nakumbuka harufu zaidi ya mshindo, harufu ya tope bovu inayong'ang'ania kanga hata ikifuliwa mara mbili. Jioni huusokota usumba viganjani, akatoa kamba.

Kazi hii ya kamba ina umri mkubwa. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu, na mitepe ya upande wa Lamu iliendelea kushonwa kwa kamba za makumbi mpaka karne ya 20. Nyuma ya kila chombo cha namna hiyo palikuwa na watu walioinama.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kisha kikaenea pwani hii ya mashariki. Mama akaacha shimo akaingia majini. Siku za bamvua alikuwa ameinama tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, akifunga mashina ya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, kisha akabeba viroba vilivyolowa hadi nchi kavu. Siutukani mwani, ndio ulioninunulia sare na madaftari. Lakini ulimwachia mama maumivu ya kiuno yaliyomfanya ashindwe hata kuinuka kitandani bila kushikwa mkono.

Jina la mazoezi ya Pilates lililetwa nyumbani na binti wa dada yangu, anayefundisha mazoezi hotelini huko Paje. Nikamtafuta mwenye jina. Joseph Pilates alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Mönchengladbach, mwaka 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akafungwa kambini katika Kisiwa cha Man, na humo akawafundisha mazoezi wafungwa wenzake. Mwaka 1926 Pilates alihamia New York, na wacheza dansi wenye majeraha wakaanza kumwendea.

Kiini cha mazoezi yake ni misuli ya ndani ya tumbo, inayozunguka kiuno na kukishika. Unatoa pumzi, unavuta kitovu kuelekea mgongoni, ndipo unainua mguu au mkono, taratibu, bila kurusha mwili. Tafiti za maumivu ya kiuno ya muda mrefu zimeona nafuu kwa wanaoyafanya, ingawa si lazima yashinde mazoezi mengine. Mimi niliposoma hayo nilimwona bibi na kanga yake. Alijua kiuno kinataka kushikwa. Ila kanga hushika kwa nje, na jioni ikifunguliwa kiuno hubaki peke yake.

Mama alipolazwa kwenye mkeka mara ya kwanza hakuelewa kitu. Vuta kitovu, bana tumbo, yote yalimpita. Mpaka mjukuu wake akasema: "Bibi, funga kibwebwe, lakini bila kanga." Akatoa pumzi, tumbo likaingia.

Julai iliyopita, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume wa kusini na wa kaskazini walipopigana kwa migomba, mama alisimama akiimba na wenzake mpaka kibanda cha makuti kikachomwa. Mwaka wa kabla yake alitazama akiwa amekaa kitini, chini ya mti.

Asubuhi bado hutandika mkeka ule. Huketi, akajilaza nyuma pingili moja moja ya uti wa mgongo, polepole. Pingili mbili za kiunoni ndizo zinazochelewa kugusa ukili, naye huzisubiri.