Kidonge kilichomkataa Profesa Smith

Mei 1975, katika chuo cha tiba cha hospitali ya St Mary's, London, Profesa Robert Smith na wenzake walimeza debrisokwini, dawa ya presha ya zama hizo. Walitaka kufuatilia jinsi mwili unavyoivunja. Wenzake hawakusikia lolote. Yeye, ndani ya saa mbili, presha ilimporomoka hadi 70 kwa 50, kizunguzungu kikamshika, hata kusimama kukawa taabu. Walipopima mikojo, ya wenzake ilikuwa na dawa iliyokwisha kuvunjwa. Wa Smith ulijaa dawa vilevile ilivyoingia.

Kwetu tungesema dawa imemkataa, yakaisha. Smith hakuyaacha yaishe. Timu yake iliwapima watu 94 waliojitolea, ikakuta wachache wenye hali kama yake, na ikabaini kuwa hali hiyo hurithiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977 katika jarida la Lancet. Huko Ujerumani, Michel Eichelbaum alikuwa ameona jambo lilelile kwa sparteini, dawa ya moyo. Wote wawili, bila kujua, walikuwa wakifuata nyayo za protini moja ya ini, kimeng'enya ambacho leo kinaitwa CYP2D6. Aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama hukikosa kabisa. Kati ya Wazungu 100, watano hadi kumi wako hivyo.

Na sisi je? Kwa miaka mingi miili iliyopimwa ilikuwa hasa ya Ulaya na Marekani, na dozi zilizopangwa huko ndizo tulizomeza. Hilo halikuwa haki, na majibu yalipokuja yalionyesha kwa nini. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake waliripoti kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na jeni ya CYP2D6 iliyojirudia, zaidi ya nakala moja mahali pa moja, hivyo dawa huvunjwa upesi mno. Mwaka huohuo Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina nyingine ya jeni hiyohiyo, inayotoa kimeng'enya kizito, cha polepole. Utafiti wa Watanzania wa mwaka 1999 nao ulikuta uwezo wa kuvunja debrisokwini umepungua. Kwa hiyo dozi moja ya "Waafrika" haipo.

Chukua kodeini ya maumivu. Ni CYP2D6 inayogeuza sehemu yake kuwa mofini. Mwenye kimeng'enya dhaifu humeza na asipate nafuu ya maana. Mwenye kimeng'enya cha kasi hujikuta na mofini nyingi kuliko alivyokusudia daktari. Wapo watoto waliopoteza maisha kwa sababu hiyo, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema walio chini ya miaka 12 wasipewe.

Tena si ini pekee linalofanya kazi hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, David Bailey wa mjini London, Ontario, nchini Kanada, alikuwa akichunguza pombe pamoja na felodipini, dawa nyingine ya presha. Ili kuficha ladha ya pombe akaichanganya na juisi ya balungi, na dawa ikapanda kwenye damu kuliko alivyotarajia. Sababu ilikuja kujulikana: balungi huua kimeng'enya CYP3A4 kilichomo kwenye ukuta wa utumbo, huku kile cha ini kikibaki karibu kama kilivyokuwa. Kwa mtu yuleyule, kiungo kimoja kimedhoofika, kingine kizima.

Kwa wengi Afrika Mashariki na Kusini, habari hii ilifika na efavirenzi, ARV (dawa ya VVU) ya kumeza usiku, inayokumbukwa kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Huvunjwa na CYP2B6, na aina yake nzito imeenea sana barani. Mwaka 2008 watafiti wa Zimbabwe walionyesha kwamba wenye nakala mbili za aina hiyo walibaki na dawa nyingi mno mwilini, wakapendekeza wapunguziwe. Wakati huo dozi ya kawaida ya mtu mzima ilikuwa miligramu 600.