Ketamini: Dawa hospitalini, hatari mtaani

Ketamini ni dawa ya usingizi inayotumika wakati wa upasuaji. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Hospitali nyingi za vijijini huitegemea, kwa sababu kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe.

Lakini wapo wanaoitumia kujistarehesha. Mtumiaji huhisi ametengana na mwili wake: hasikii maumivu, huona vitu visivyokuwepo, hushindwa hata kusogea. Anaweza kuungua au kuzama majini bila kujitambua. Akichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika. Akizoea, kibofu huharibika na haja ndogo hutoka kwa maumivu, pengine na damu.

Vipi zikipikwa nyumbani?

Dawa za kulevya za kupika nyumbani zina hatari zaidi. Mvuke wa kemikali unaweza kulipuka, na kosa dogo huzaa sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1982 huko California, Marekani, watu kadhaa walijidunga heroini bandia iliyopikwa kwa siri. Miili yao ilikakamaa kama ya wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Ndani yake mlikuwa na sumu iitwayo MPTP, inayoua seli za ubongo. Seli hizo hazirudi.

Tufanye nini?

Ukimkuta mtu amezimia, mlaze ubavu. Usimnyweshe maji wala maziwa. Mwahishe kituo cha afya, na usifiche alichotumia: mhudumu anauliza ili amtibu.