Muhogo wa Kusini na Mawe ya Kongosho

Tangu vilima vya Ruangwa hata nyanda za Nachingwea, katika nchi ya Wamwera, kusini mwa Tanzania, ambako serikali ya Kiingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilileta matrekta na kujenga reli kutoka Mtwara kwa tamaa ya karanga, hata mradi ule ukavunjwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa, zao lililobaki likiwalisha watu bila makeke ni muhogo, unaomenywa na kuanikwa juani ukawa makopa, ukatwangwa, ukasongwa ugali.

Zao hili lenye ihsani halikusalimika na tuhuma. Mwaka 1959 tabibu Zuidema alieleza habari za maskini wa Indonesia, walaji wa muhogo, waliokuwa na kisukari na mawe ya chokaa ndani ya kongosho. Na baada yake Shaper, huko Uganda, akaandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo, akiwahusisha na upungufu wa protini. Mwaka 1979 McMillan na Geevarghese wakaipa tuhuma hiyo sura ya mantiki: muhogo mchungu una sayanidi, na mwili huiondoa kwa salfa itokanayo na protini, ambayo ni adimu kwa asiyeonja nyama wala samaki, hata sumu ikabaki ikadhuru kongosho.

Kesi ikaja Tanzania. Mwaka 1992 Swai, McLarty na wenzao, baada ya kuwachunguza watu wa mkoa wa Mara ambao muhogo ndio chakula chao, walitoa hukumu kwamba sumu yake si asili ya kisukari. Na miaka kumi baadaye hitilafu katika jeni SPINK1 ikadhihirika kwa wagonjwa wengi wa mawe hayo huko India. Lakini sithubutu kuutakasa muhogo kabisa, maana katika ukame wa 1988 huko Masasi, jirani na Nachingwea, walipatwa na sumu watu walioufanya chinyanya, wakiutwanga ungali mbichi na kuuanika kwa haraka. Dhambi ile, naona, ilikuwa ya njaa.

Ama mawe yenyewe, yazibayo mrija na kuleta maumivu yapenyayo mgongoni, mwaka 1974 Kawai wa Japani na Classen wa Ujerumani walionyesha njia ya kupanua mlango wa mirija kwa waya wa umeme, ndani ya mpira wenye taa uliopitishwa kinywani. Na mwaka 1987 Sauerbruch na wenzake, huko München, wakayapondaponda kwa mawimbi ya mshindo. Ikadhaniwa kisu kimekwisha kazi, hata mwaka 2007 utafiti wa Amsterdam ukabainisha kwamba waliopasuliwa walipona maumivu kuliko waliotibiwa kwa mpira; habari isiyo ndogo kwa watu wa kusini, ambao daktari wa upasuaji yu karibu nao kuliko mtambo wa mawimbi.

Basi, msomaji, ukiwa na ndugu aliyekonda, mwenye kisukari na maumivu ya tumbo yasiyokoma, usiridhike na dawa za vidonda vya tumbo. Mwombe daktari ampige eksirei, kwa kuwa mawe hayo ya chokaa mara nyingi huonekana humo.