Jina la Les Paul katika Gitaa la Gibson
Gitaa la umeme alilolipiga Eric Clapton katika santuri ya John Mayall ya mwaka 1966 liliandikwa jina la mtu mwingine: Les Paul. Wengi hudhani kuwa huyo, mpigaji mashuhuri wa Marekani, ndiye aliyelibuni. Kweli, yapata mwaka 1941 alikwisha kujiundia gitaa la mbao nene isiyo na uwazi ndani. Kampuni ya Gibson ikalikataa, hata ilipomwona Fender akiuza la namna hiyo ndipo ilipomwendea, likatolewa mwaka 1952. Lakini Ted McCarty, aliyekuwa mkuu wa Gibson, alishikilia kuwa lilichorwa kiwandani, na la Les Paul lilikuwa kishikio cha nyuzi tu. Nacho hakikufaa: nyuzi zilipita chini yake, mpigaji asiweze kuzituliza kwa kiganja. Mwaka 1953 kikabadilishwa, jina halikuguswa.