Kadogo: umri mdogo, mzigo mkubwa



Lalamiko lenu tunalijua. Kijana wa miaka 15 akiinua mkono penye wazee, huambiwa akae chini kwa kuwa bado ni mtoto. Kesho yake, mzigo ukihitaji kufika sokoni, mtoto huyohuyo huambiwa kwamba sasa amekuwa mwanamume. Wako wazee wasemao kuwa hayo ni mazoea ya siku zote, wala hayamdhuru mtu. Sisi tunaona yanadhuru, na historia ya Maniema yetu yatoa ushahidi mzito.

Tuanzie zamani za Waungwana. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake, amesimulia mwenyewe kwamba alianza safari za biashara ya sandarusi akiwa na miaka 12, na alipofika miaka 18 alimfuata baba yake bara. Alipewa kazi ya mtu mzima pamoja na heshima yake. Katika misafara ya zama zile walikuwamo pia watoto wa umri huo waliotekwa vijijini. Hao walipewa kazi tu. Hata baada ya majeshi ya Dhanis kuitwaa Kasongo, mwezi wa Aprili 1893, watoto waliotolewa utumwani hawakurudi wote kwao. Tangu amri ya Julai 1890 Dola Huru ya Kongo ilikuwa imejipa ulezi juu ya watoto wa namna hiyo, na shule walizowekwa, kama ile ya Boma, ziliendeshwa kijeshi. Mlezi alihitaji askari.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliienea Maniema, na Kindu ikaanguka mwezi wa Julai. Wengi waliotangulizwa mbele vitani walikuwa vijana, baadhi yao watoto kabisa, walionyunyiziwa dawa na kuambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Tarehe 18 Oktoba mwaka huohuo, Kindu ikiwa bado mikononi mwa Simba, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka ipatayo 14 alipochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Tunayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Kule Roma ilikubaliwa kwamba kijana wa miaka 14 aweza kujua anachokiamini, na ushahidi wake ukahesabiwa. Huku kwetu kijana wa umri huohuo alihesabiwa kwa uwezo wake wa kukimbilia bunduki.

Kisha likaja neno kadogo. Katika Kiswahili chetu ni neno la upendo, ndilo mama amwitalo mwanawe wa mwisho. Mwaka 1996, AFDL ilipoanzisha vita upande wa mashariki, neno hilo likawa jina la askari. Kindu ilitwaliwa mwishoni mwa Februari 1997, na tarehe 17 Mei majeshi hayo yakaingia Kinshasa. Wakaaji wa mji wakastaajabu kuona watoto wasemao Kiswahili, wamevaa mabuti ya mpira, na bunduki begani. Hakuna aliyewaambia kuwa ni wadogo mno kuua. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, RCD ikashika miji ya Maniema na Mai-Mai wakashika misitu, na pande zote mbili zikawa na watoto.

Lililofuata Kinshasa linatuuma mpaka leo. Tarehe 15 Januari 2000 mtoto askari wa miaka 14 alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, na muda wa nusu saa baadaye akauawa. Kama angetaka kupiga kura, angeambiwa umri wake haujatosha. Kufa, ulitosha.

Sheria ilibadilika polepole. Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto yakataza kumwingiza jeshini. Sheria hiyohiyo yampa mtoto mwenye ufahamu haki ya kutoa maoni yake juu ya mambo yanayomhusu, sehemu ambayo, tukisema kweli, husomwa mara chache mno.

Msituelewe vibaya. Si kila mpaka wa umri ni uonevu. Kumkataza kijana wa miaka 15 kushika bunduki ni kumtendea tofauti kwa sababu ya umri wake, na twashukuru kwamba ni hivyo. Swali letu ni hili: je, mpaka huo unamwondolea mzigo, au unamwondolea neno tu na kumwachia mzigo? Katika mashimo ya dhahabu ya Kabambare, upande wa Salamabila, ni nani amwulizaye mtoto umri wake kabla ya kumpa nyundo? Na katika mikutano yetu ya shirika, tusijifiche, kijana huitwa wakati wa kupanga viti na kutolewa wakati wa kupanga mambo.

Waliorudi kutoka msituni waliyaonja yote mawili. Jana aliitwa afande; leo aketi na watoto wa darasa la nne, na mama wa jirani anavuta wanawe ndani apitapo. Wengine waliona aibu, wakaacha shule. Wachache waliulizwa na mtu yeyote ni nini kiliwapata.

Aliyekuwa na miaka 13 mwaka 1997 sasa amepita 40. Wengine wao ni baba zenu, huketi nasi katika misa ya Dominika, na wana watoto wenye umri uleule waliokuwa nao wao walipotembea kwa miguu kuelekea Kindu.