Mteja Aliyetoka Mikono Mitupu

Wahenga wamenena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yajulikana na kila mwenye duka, toka Mombasa hata Isebania. Walakini daftari la kawaida lina upungufu mmoja. Humwandika aliyenunua na aliyekopa. Halimwandiki yule aliyeingia, akauliza bei, akatazama, kisha akatoka mikono mitupu. Na mtu huyo aghalabu ana mengi ya kumfundisha mwenye duka. Katika insha hii tutaona jinsi wafanyabiashara walivyojifunza kumhesabu, na mifano yetu tutaitafuta Homa Bay na Migori, nchi iliyo kandokando ya Ziwa Viktoria.

Kabla ya kuja fedha za sarafu, Wajaluo wa ziwani walipeleka samaki, chumvi, vyungu na mifugo kwa Wakisii wa milimani, wakarudi na nafaka. Vikapu ndivyo vilivyokuwa vipimo. Hapakuwa na daftari, kwa maana muuzaji na mnunuzi walionana uso kwa uso. Mama aliyepanga vyungu vyake sokoni alimwona mtu akikigonga chungu kwa kidole, akisikiliza mlio wake, kisha akikirudisha chini. Hakuhitaji kuambiwa: alijua kuwa chungu kile kimeshukiwa kuwa na ufa.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Baadaye meli za mvuke zilibeba bidhaa mpaka Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka. Mashuhuri miongoni mwa wafanyabiashara wa namna hiyo katika Afrika Mashariki alikuwa Allidina Visram, aliyekufa mwaka 1916, akiwa na maduka tangu pwani hata Uganda. Mtu mmoja hawezi kusimama nyuma ya kaunta nyingi kwa wakati mmoja. Hapana budi kutegemea vitabu vya hesabu. Mwaka 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, aliongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, ili wenyeji waweke akiba na kufanya biashara pamoja. Hapo hesabu ilipata uzito mpya, kwa kuwa fedha zilikuwa za wenye hisa wengi.

Kisha, katika miaka ya 1990, likazuka duka lisilo na mlango wala kaunta, yaani duka la intaneti. Mwenye duka hili alikuwa kama kipofu. Kompyuta yake ilitoa ukurasa ulioombwa na kumsahau mwombaji papo hapo, hata isijue kama aliyeweka kitu kapuni ndiye huyu anayetaka kulipa. Mwaka 1994 Lou Montulli, fundi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni alama ndogo iitwayo kuki, inayowekwa katika kompyuta ya mteja ili atambuliwe arudipo. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa programu ya kuwahesabu wanaotembelea kurasa. Huku Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikafika Mombasa. Sasa hata mtu wa Mbita aliweza kumwuzia mtu wa Nairobi asiyemjua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Mbita anauza omena safi waliokaushwa, katika pakiti ndogo. Kwa mwezi mmoja jina la duka lake limetokea mara 2,000 mbele ya watu wanaotafuta katika intaneti. Watu 100 wamebofya wakaingia, yaani 5 katika kila 100. Kati ya hao, 20 wameweka pakiti kapuni, na 4 tu wamelipa. Daftari la zamani lingeandika wale 4 na kunyamaza. Hesabu mpya yauliza: wale 96 wamekwenda wapi?

Mama atazame kwanza maneno waliyoyaandika watafutaji. Huenda akaona kuwa wengi walitafuta omena wa kulisha kuku, nao huuzwa kwa magunia. Hao si wateja waliopotea. Walibisha mlango usio wao. Huenda pia akagundua kuwa duka lake halitokei kabisa kwa watu wa pwani, kwa sababu wao huwaita samaki hao dagaa, na neno hilo yeye hakuliandika popote. Kisha awatazame wale 16 walioacha kapu njiani. Yamkini nauli ya kupeleka mzigo ilionyeshwa mwishoni kabisa, nao wakaudhika. Basi na aitaje nauli tangu mwanzo, halafu ahesabu tena.

Lakini asifanye haraka kujisifu. Ikiwa mwezi wa pili wanunuzi ni 6 badala ya 4, pengine ni bahati tu, maana hesabu ya watu wachache huyumba kama mtumbwi mtupu. Tena tarakimu husema wangapi, haisemi kwa nini. Sababu hupatikana kwa kumwuliza mteja mwenyewe, kama ilivyokuwa sokoni.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Mama wa vyungu alimtazama mteja, na mteja naye alimwona akitazamwa. Katika duka la intaneti mteja hutazamwa na asiyemwona. Kwa ajili hiyo Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje.

Wewe mwanafunzi, huenda kesho ukawa na duka la namna hii, na bila shaka utakuwa mteja wa mengi. Ukiwa mwenye duka, mhesabu pia aliyetoka mikono mitupu, kwani yeye ndiye mwalimu wako. Ila usisahau kuwa huyo uliyemhesabu ni mtu, naye ana haki ya kujua kuwa amehesabiwa.