MAJINA YA WATOTO WETU, Sehemu ya 5: RAMADHANI



Wiki hii kliniki nimempima uzito kijana wa miezi tisa. Kadi yake imeandikwa Ramazani. Kitambulisho cha baba kinasema Ramadhani. Karatasi ya alikozaliwa, Lamadhani! Mama yake akaniuliza, "Nesi, sasa lipi ndiyo la kweli?"

Ni jina la Kiarabu, na mzizi wake ni joto kali, lile la jua linalounguza mchanga. Waarabu waliuita hivyo mwezi wao wa tisa hata kabla ya Uislamu. Mwaka wa 2 wa Hijra (624) kufunga kukawa faradhi, na ndio mwezi pekee uliotajwa kwa jina ndani ya Kurani. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana mfungo unahama: mara masika, mara kiangazi. Unachukua kama miaka 33 kurudi pale pale.

Mtoto akizaliwa mwezi huo, basi kapata jina. Ni kama Rajabu na Shabani, au Juma na Hamisi kwa siku za wiki. Hata majirani zetu Warundi humwita mtoto kwa jinsi alivyokuja: Nyandwi wa saba, Minani wa nane. Ila usishangae kukuta Ramadhani aliyezaliwa mwezi mwingine kabisa. Huyo karithi babu.

Sasa lilifikaje huku, mbali hivi na bahari? Kwa miguu. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka pwani ikapita Tabora, ikakatiza Usui, nchi ya Washubi, hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo Kafuro. Mwaka 1861 Speke alipita njia hiyo, akacheleweshwa Usui na mtawala Suwarora aliyedai hongo. Msafara wake ulikuwa na watu wenye majina ya Kiislamu, akiwemo Sidi Mubarak Bombay. Baadaye wakaja Wajerumani na boma lao Biharamulo. Askari wao wengi walikuwa Waislamu, na Kiswahili kikasambaa nao.

Wenyeji wakalipokea jina kwa ndimi zao. Kihangaza, Kishubi na Kirundi hazina sauti ya "dh", kwa hiyo ikawa "z". Hadi Congo ni hivyo hivyo: Emmanuel Ramazani Shadary, aliyegombea urais 2018, anatokea Maniema, walikokita kambi wafanyabiashara wa pwani. Ona, jina lipo na mwenyewe anaitwa Emmanuel! Na "L" ya Lamadhani ni kwa kuwa lugha zetu nyingi hazitenganishi sana "r" na "l".

Kwa hiyo mama, hakuna la uongo hapo. Yote ni mtoto mmoja aliyepita njia ndefu.

Shida ni kwamba kompyuta haijui historia. Shule, bima na NIDA wataona watu watatu, na kurekebisha ni nauli, kiapo na siku za shamba zinazopotea. Chagueni moja nyumbani. Kabla hujatoka wodini, soma lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Hujui kusoma? Tuombe tukusomee, wala si aibu.

Kwako linaandikwaje? Niambie hapo chini. Sehemu ya 6 tutakuwa na Shabani.